Mapenzi Yaliyomketisha Bibi Nyegere

Hadithi, hadithi!

Njoo!

Ije ikitambaa au ije ikikimbia?

Ije ikikimbia!

Hapo zamani, zamani sana, aliishi Bibi Nyegere, mjane mwenye wana watatu na wajukuu tele. Alichota maji mwenyewe, akaokota kuni mwenyewe, na asali akairina mwenyewe huku akiwatukana nyuki.

Wanawe wakaoa. Mkwe wa kwanza akampokonya mtungi. "Mama, majirani watasemaje wakikuona mtoni? Keti." Bibi akaketi.

Mkwe wa pili akampokonya shoka. "Mama, umetulelea waume. Pumzika." Bibi akapumzika.

Mkwe wa tatu akamwekea bakuli la asali mapajani. "Usiende kuumwa na nyuki, mama. Lamba." Bibi akalamba. Angekataaje, naye anapendwa?

Akalamba asubuhi, mchana na jioni. Akanenepa, akachoka bila kazi, akashikwa na kiu isiyoisha, na kila mara akaenda nyuma ya nyumba kukojoa. Kisha macho yakaingia ukungu. Siku moja akamwita mjukuu wake Mashavu kwa jina la nduguye. Mtoto akacheka. Bibi hakucheka hata kidogo.

Asubuhi moja akakuta sisimizi watano pale alipokojoa. Akawafukuza. Kesho yake wakaja hamsini. Siku ya tatu ukaja mstari mzima, na mkubwa wao akamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmefuata nini huku, nyie wasio na haya?"

"Utamu, bibi."

"Asali iko ndani!"

"Na hapa ipo, umeimwaga mwenyewe. Zamani miguu yako ikitembea, mwili uliitumia. Sasa umekaa, imekujaa kwenye damu. Ikizidi kukaa, itakula macho."

Bibi Nyegere akalia. Sura za wajukuu zake asizione tena?

Hakungoja. Akachukua mtungi. Wakwe watatu wakaziba mlango, wakilia, "Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, wanangu. Mnanipenda, najua. Basi nipendeni nikiwa natembea."

Siku ya kwanza aliishia uani, akihema. Ya pili akafika njia panda. Ya tatu akafika mtoni, akarudi na maji nusu mtungi, nusu yamemlowesha. Asali akaiacha iwe ya sikukuu, tena kwa ncha ya kidole. Hakuacha kutembea, mwezi ukaisha, na mwingine.

Mstari wa sisimizi ukapungua, hadi asubuhi moja akaja mmoja tu. Akanusa huku, akanusa kule.

"Bibi, hapa hapana kitu. Kwaheri."

"Nenda salama, mwanangu!"

Bibi akageuka. Mtoto alikuwa anakuja mbio kutoka mbali, mbali kabisa. "Mashavu!" akaita Bibi. Na alikuwa Mashavu kweli.

Basi sikieni: ukimpenda mzee wako, usimketishe kutwa na kumlisha utamu. Mshike mkono, mtembee.

Hadithi imefika kwao. Imewapendeza, ichukueni; haikuwapendeza, niachieni mwenyewe. Haya, inukeni!