Mguu wa Injini ya Nyangeta

"Mguu wa injini hunyweshwa kwa chini." Mmeisikia mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mkacheka, mkauliza ni mguu gani huo unaokunywa. Methali hii ilianza hivi, huko kisiwani Ukara, katikati ya ugomvi.

"Imejaa, mama. Si unaona inamwagika?" Fundi Msiba alikuwa akisema kwa mara ya tatu.

Nyangeta, mwenye mtumbwi, hakumtazama. Alikuwa akilitazama kopo la nyanya lililojaa oili chafu.

Asubuhi hiyo mtumbwi ulikuwa umvushe mwanawe Katondo kwenda kumchukua mchumba. Mashangazi wa msichana walikwisha kuapa kwamba jua likifika utosini na bwana harusi hajatokea, binti anarudi shambani kupalilia mihogo hadi mavuno. Hawakuwa watu wa mzaha. Sasa injini ilipojaribiwa, mguu wake, ile sehemu ya chini yenye gia, ulikoroma. Msiba akaufungua, oili ikatoka nyeupe kama maziwa, maana maji yalikwisha kuingia. Akabadilisha sili, ule mpira wa kuzuia maji, akamimina oili mpya kwa tundu la juu kama amiminaye uji. Ikafurika papo hapo.

"Iliyotoka imejaza kopo," alisema Nyangeta. "Chupa yako imepungua vidole viwili tu. Mguu umefunga saumu?"

"Mama, jua," alisema Katondo, aliyekwisha kukaa mtumbwini na suti yake ya kuazima.

"Wewe kazi yako leo ni kuoa. Nyamaza."

Msiba alilalamika kwamba kuijaza kwa chini ni kazi ya polepole, na yeye injini amezianza zamani.

"Ndani kuna hewa, fundi. Itatokea wapi nawe umeuziba mlango wake? Gia zikisagika katikati ya ziwa, vigelegele tutawapigia sangara."

Nyangeta akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya chini mwenyewe. Oili iliyotoka haikufunika hata kitako cha sufuria aliyoikinga. Msiba akakohoa, akachuchumaa, akachomeka mdomo wa chupa kwenye tundu la chini na kuikamua taratibu. Juu yakatoka mapovu, moja baada ya jingine, kisha oili tupu. Chupa ilikuwa karibu kwisha.

"Sasa umeshiba," alisema Msiba, akakaza skrubu zote mbili. Wakausukuma mtumbwi majini, injini ikanguruma bila kukoroma.

Bibi yenu, ndiye mchumba yule, hakupalilia mihogo msimu ule. Basi mkiona kitu kimefurika upesi, ulizeni kimeanziwa wapi: mguu wa injini hunyweshwa kwa chini.