Kikombe Cheupe cha Mzee Shebwana

Amwagaye juu huteka chini. Mmeisikia asubuhi hii, mkaniuliza ni nani aliyeisema kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Mji wa Kitumbini una sehemu mbili, Mlimani na Bondeni. Mabomba ya maji taka yalianzia Mlimani yakateremka Bondeni, nayo yalikuwa yamechakaa, yakivuja ardhini njia nzima. Kila masika kipindupindu kilirudi. Mwaka ule kiliua watu kumi na mmoja wa Bondeni, mmoja wao binti wa dada yake Mwanaidi Shekuwe, fundi wa maji taka wa mji.

Mwanaidi hakuwa mtu wa kulia hadharani. Alikagua mabomba yote, akapeleka hesabu kwa meya: mji ukope shilingi milioni mia tisa, ulipe kwa miaka kumi na miwili. Hapakuwa na njia nyingine ya kupata mabomba mapya kabla ya masika.

Kwa desturi ya Kitumbini, mkopo wa mji huamuliwa na wakazi wenyewe uwanjani, kwa kupanga mistari. Wanaokubali husimama upande wa mashariki, wanaokataa magharibi. Mlimani walikuwa wengi zaidi, na diwani wao, Mzee Shebwana, alikuwa amekwisha kuwapanga.

"Mimi nikope ili jirani aende chooni?" aliuliza, na mstari wake ukaangua kicheko. "Wa Bondeni na walie na bonde lao!"

Mwanaidi alitazama mkokoteni wa Chengo, muuza maji, ukiingia uwanjani na madumu manane meusi, yaliyojazwa kabla hakujakucha. Mabomba ya maji safi ya Mlimani yalikauka siku nne kila wiki, na siku hizo watu wa huko walinunua maji ya mkokoteni. Hawakuuliza yanatoka wapi, wala kwa nini matumbo yao nayo huwasumbua kila masika. Mwanaidi alikuwa ameuliza.

Jua lilikuwa kali. Shebwana akamiminiwa maji katika kikombe cheupe cha bati.

"Usinywe, mzee," Mwanaidi alisema. "Tazama kwanza."

Shebwana akatazama. Maji yalikuwa mekundu.

"Ala! Fundi, umetuletea sharubati?" mwanamke mmoja wa Mlimani akadakia.

"Meya, tafadhali isome barua niliyokukabidhi Jumatano nikakuomba usiifungue hadi leo."

Meya akaipasua bahasha, akasoma kwa sauti: "Leo, mbele ya karani wa mji, nimemwaga rangi nyekundu ya kutilia ukili wa mikeka katika shimo la maji taka lililo mlangoni kwa Mzee Shebwana. Kwa vipimo vyangu, itatokea katika kisima cha Bondeni ifikapo Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

"Uongo!" Shebwana akamgeukia muuza maji. "Chengo, maji haya umeyateka wapi?"

"Kisima cha Bondeni, mzee."

"Na ya juzi?"

"Hapo hapo. Miaka sita sasa. Kwani kuna kisima kingine?" Chengo akajifuta jasho. "Mzee wangu, usinikasirikie mimi. Amwagaye juu huteka chini."

Shebwana akayamwaga maji mchangani. Mkongojo mkononi, akauvuka uwanja hadi upande wa mashariki, akasimama nyuma ya mama mmoja wa Bondeni.

"Shikamoo," yule mama alimwambia bila kugeuka. "Sogea, mzee, wenzako wanakuja."

Walikuja kweli. Mstari wa mashariki ukatoka nje ya uwanja, ukazunguka soko. Karani alihesabu mara mbili, kwa sababu Mwanaidi alisisitiza: elfu moja mia tisa na nne walikubali, thelathini na saba walikataa. Bondeni walipiga vigelegele, na Mlimani wakaitikia.

Mabomba yalikamilika wiki mbili kabla ya masika. Mvua zilipokwisha, Mwanaidi alikwenda zahanati kukagua daftari la wagonjwa. Ukurasa wa kipindupindu ulikuwa mtupu. Akamwita dada yake aje auone.

Ndiyo maana Kitumbini, mtu akisema shida ya jirani haimhusu, huonyeshwa kikombe chake mwenyewe na kuambiwa: amwagaye juu huteka chini.