Jiko la Chumvi la Mbodze

Hapo zamani, asubuhi moja, watu watatu walisimama mlangoni kwa Mbodze wakigombea jiko la chumvi.

"Moto niliuzima mimi," alisema Sidi.

"Na chumvi ya watu ukaiharibu," alisema Mwaringa. "Unataka na tuzo juu yake?"

"Mwambieni Bi Dama aache kucheka," alisema Sidi.

"Sicheki, mwanangu," alisema Dama. "Nasubiri mmalize nichukue jiko langu."

Msinikatize, nianze panapoanzia.

Watu wa pale walikuwa wapika chumvi. Walichota maji ya kisima cha chumvi, wakayachemsha vyunguni hadi maji yakakauka na chumvi ikabaki. Majiko yalikuwa machache, na sheria ya kisima ilikuwa moja: jiko lina mwenyewe mmoja, haligawanywi. Asiye na jiko huwapasulia wenzake kuni mpaka azeeke. Sidi, Mwaringa na Dama hawakuwa na jiko. Mbodze alikuwa nayo mawili, na kwenye moja alipika mwanawe, Chengo.

Tena palikuwa na mwiko: mpishi hanywi maji mpaka chumvi ishike. Eti maji matamu tumboni mwa mpishi huifukuza chumvi chunguni. Nani aliusema kwanza, hakuna ajuaye. Waliufuata tu.

Siku moja ya jua kali, Chengo alikaa motoni tangu alfajiri. Jasho likamtoka, likamtoka. Kiu ikamwita, akainyamazisha. Akaenda kukojoa, yakatoka matone mawili, rangi ya kahawa. Akarudi motoni. Alasiri jasho likakatika.

Sidi alikuwa analeta kuni. Akamwona Chengo anakoroga hewa, upawa uko nje ya chungu.

"Chengo, chungu kiko huku."

"Najua," akasema Chengo, akaendelea kukoroga hewa.

Sidi akamgusa mkono. Mkavu, wa moto kama kigae. Hakuuliza mtu. Akanyakua ndoo ya maji ya kisima iliyokuwa kando, akaimwaga yote juu ya moto, chungu kikapasuka, chumvi ya kutwa ikaenda na majivu. Chengo akaanguka pale pale ulipokuwa moto.

Mama yake, Mbodze, akaja mbio. "Atakayenirudishia mwanangu," akasema mbele ya watu wote, "jiko hili lake."

Mwaringa alikuwa anapita na ndoo mbili za maji matamu. Akambeba Chengo hadi kivulini, akamvua, akammwagia maji mwili mzima, akampepea kwa ungo mpaka mikono yake ikafa ganzi. Joto likashuka.

Watu wakaleta vibuyu, wanataka kummiminia maji kinywani. Dama akasimama katikati. "Aliyezimia hamezi. Mtamzamisha nchi kavu." Wakamtukana, hakusogea. Chengo alipofumbua macho na kumeza mate yake mwenyewe, ndipo Dama akampa uji mwepesi wa asali na chumvi kidogo, funda kwa funda, hadi jua likachwa. Chengo akaomba kwenda kukojoa. Hiyo ndiyo siku pekee watu wale waliposhangilia mkojo.

Ndiyo maana asubuhi yake wale watatu wakawa mlangoni kwa Mbodze.

"Nisingeuzima moto," alisema Sidi, "angetumbukia chunguni, na ninyi mngeokoa supu."

"Nisingempoza," alisema Mwaringa, "mngezima moto wa nje, wa ndani ungemmaliza."

"Nisingewazuia," alisema Dama, "mngemuua kwa huruma zenu."

Mlango ukafunguka. Chengo mwenyewe, anaegemea fimbo.

"Jiko halitoki," akasema. "Ninyi mlinikuta alasiri. Tangu alfajiri nani alinishika? Ngozi ilitoa jasho nisiungue. Maji yalipopungua, figo zikaubana mkojo damu isikauke. Moyo ulikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Na maji yenu na uji wenu, nani aliyapima humo ndani, haya yabaki, haya yatoke? Nishikeni leo. Joto langu ni kama lenu. Mwili wangu ndio ulionirudisha, na jiko ni la mwili wangu."

Dama akatazama chini. Sidi hakutazama chini.

"Mwili wako ulikuomba maji kutwa nzima, Chengo. Ukaunyima. Leo unakuja kuupokelea tuzo?"

Mbodze akacheka, mara ya kwanza tangu jana yake. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa maji matamu, akaenda kuuweka kando ya jiko lile. Mpaka jioni kila jiko lilikuwa na mtungi wake. Na chumvi ilishika kama siku zote.

Lakini ahadi ilitolewa mbele ya watu, na haijalipwa. Msiniambie wagawane. Nimeshasema jiko haligawanywi. Yuko aliyeuzima moto, yuko aliyempoza, yuko aliyejua kungoja, na uko mwili uliopigana peke yake tangu alfajiri.

Je, nani alistahili? Mtajeni, akabidhiwe jiko lake.