Tundu la Jua na Majani ya Asali

Paukwa!

Pakawa!

Wale waliokaa karibu na sufuria hawajaitikia. Midomo imejaa. Mezeni kwanza, tutawangoja. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya kale, wakati msimulizi wenu alikuwa na nywele na tumbo lake halijaanza kumtangulia mlangoni, palikuwa na bonde. Nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye vituo vya mabasi ambavyo hata mbu wake wana lugha yao, lakini bonde kama lile sijaliona tena. Katikati ya bonde palikuwa na bwawa. Wanyama wote walikunywa hapo. Na juu ya bwawa, kwenye mti mkavu, aliishi ndege mmoja, Bi Kigogota, fundi wa kutoboa miti kwa mdomo. Ko, ko, ko. Ko, ko, ko.

Bonde lile halikuwa na habari. Lilikuwa na umbea. Sungura akipiga chafya asubuhi, mchana imeshakuwa homa, jioni watu wako matangani. Wanyama walikimbia huku, wakakimbia kule, wakarudi wamechoka wakaulizana walikuwa wanakimbia nini.

Bi Kigogota akachoka nao. Akachuma jani la mtiki. Mnalijua jani la mtiki? Pana kama ungo, gumu, linakwaruza kama msasa. Akalitandaza juu ya gogo, akaanza kulitoboa. Ko, ko, ko. Tundu baada ya tundu, matundu yakawa herufi, herufi zikawa maneno. Gazeti likazaliwa. Akaliita Tundu la Jua.

Jina lilitokana na namna lilivyosomwa. Mnyama mmoja aliling'ata jani kwa meno, akaliinua mbele ya jua la asubuhi. Mwingine akasimama mbele yake, akatoa ubavu. Jua likapita kwenye matundu, maneno yakaanguka ubavuni, yanang'aa. Wa tatu ndiye aliyesoma. Mwenye jani hawezi kusema, meno yameshika. Mwenye ubavu hawezi kujisoma. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyesoma Tundu la Jua peke yake. Swala alilazimika kumwomba Ngiri ubavu. Ngiri alilazimika kumwomba Nyati ashike jani. Hata waliokuwa hawasalimiani walisimama pamoja mpaka habari ziishe.

Aliyezisambaza alikuwa Kobe. Naam, Kobe. Bi Kigogota alipanga majani mgongoni mwake, naye akaondoka. Taratibu, taratibu, taratibu. Habari za mvua zilifika watu wameshalowa. Walipomcheka, Kobe aliwajibu kwamba yeye habari zake huzipa muda wa kuiva.

Na Tundu la Jua halikuwa na haya. Lilisema kilichopo. Wakati huo Kiboko ndiye aliyekuwa Mtunza Maji wa bonde, mtu mkubwa, mwenye shingo ya kutosha shingo nne. Asubuhi moja jani likatoka: Mtunza Maji anaogea kwenye maji ya kunywa. Maneno yakaanguka ubavuni mwa Nyati, meupe, makubwa. Wanyama wakayasoma, wakamtazama Kiboko, aliyekuwa amelala katikati ya bwawa na jani la yungiyungi juu ya kichwa kama kofia.

Kiboko akamwita Bi Kigogota, akamuuliza nani kamtuma. Bi Kigogota akamjibu kwamba hakutumwa, alikuwa juu ya mti na Mheshimiwa alikuwa chini anajisugua. Bonde zima likacheka. Kiboko akatoka majini, pwata, pwata, pwata, akahamia chini ya mkondo.

Zile ndizo asubuhi alizokuja kuzililia Bi Kigogota. Alikaa juu ya mti wake akatazama bonde limejaa wanyama wawili wawili, watatu watatu, majani yameinuliwa, mbavu zote zina maandishi ya jua. Kimya. Kisha kicheko kinaanzia kushoto kinakwenda kulia, kulingana na nani kafika mstari wa mwisho. Alikuwa hata chakula hali, anatazama tu.

Ndipo akaja Kasuku.

Kasuku alikuwa ametoka mbali, amekaa na binadamu, amejifunza kusema habari gani kwa sauti tatu. Alitazama kazi ya Bi Kigogota kwa siku chache, akasema ni nzuri, ila ina makwaruzo. Naye akaanzisha gazeti lake. Akaliita Tamutamu. Hakutumia mtiki. Alitumia jani la mgomba, laini, na juu yake akapaka asali. Asali aliipata wapi? Kiboko alimruhusu kuchukua kwenye mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye chemchemi, huko mwanzo wa mto, mahali ambapo wengine walikatazwa kufika.

Lakini jani la mgomba lina tabia yake. Ukilitoboa matundu mengi linachanika, chwaa, mpaka pembeni. Kwa hiyo Tamutamu lilibeba maneno mawili, matatu. Leo jua. Twiga kapendeza. Mtunza Maji anawasalimu. Basi. Wala hukuhitaji kumwomba mtu ubavu. Ulilitupia jicho, ukalamba asali, ukalimaliza na jani lenyewe. Ulisoma peke yako, ukashiba peke yako.

Kunguru alipoona hivyo akaanzisha lake, Kwaakwaa, lenye karanga ndani. Kasuku akaongeza asali. Kunguru akaongeza karanga. Bonde likanenepa.

Na Kobe akaanza kurudi na mzigo uleule aliokwenda nao. Siku ya kwanza Bi Kigogota alidhani hajaondoka. Alimuuliza wasomaji wako wapi. Kobe akamweleza kwamba wapo, wazima wa afya, wana asali mpaka kwenye kope, na wamemwambia wanalipenda sana Tundu la Jua, wanalikumbuka sana, watalisoma siku yoyote wakipata nafasi.

"Wamesema wananikumbuka?" akauliza Bi Kigogota.

"Wamesema hivyo, Bi Mkubwa. Kama anavyosemwa marehemu."

Kiangazi kikaingia. Siku moja Bi Kigogota aliruka juu sana kutafuta mti wenye wadudu, akafika karibu na chemchemi. Akaona. Kiboko na nduguze walikuwa wameziba mto. Magogo, tope, mawe, ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta maji yametulia, mengi, ya baridi, na Kiboko yumo, amefumba macho. Mbele ya ukuta, uzi mwembamba wa maji unateremka kuelekea bwawani. Kiangazi kikiendelea, hata uzi ule utakatika.

Akarudi mbio. Akatoboa jani. Ko, ko, ko, ko, ko. Akaeleza yote: nani kaziba, wapi, kwa magogo gani, na kwamba maji ya bwawa hayafiki mwisho wa kiangazi. Kobe akalibeba. Kobe akarudi nalo.

Bi Kigogota akaweka kiburi pembeni, akamwendea Kasuku. Akamwomba aitoe habari ile kwenye Tamutamu, kwa sababu huko ndiko wasomaji waliko. Kasuku akamkaribisha vizuri, akamsikiliza, akakuna kichwa.

"Shangazi," akasema, "habari yako ni ndefu, jani langu halibebi. Halafu ni chungu. Mimi nikiiweka, nitaiweka hivi: Maji yanapumzika."

Bi Kigogota akamtazama. Akauliza kama maji yanayopumzika yatajua wakati wa kuamka. Kasuku akasema hilo litasubiri toleo la kesho.

Akaondoka. Njiani akapita bwawani, akaona wasomaji wake wa zamani, kila mmoja na jani lake, kila mmoja amewapa wenzake mgongo. Roho ikamuuma. Alitaka wamsikie, ni kweli, bonde lilikuwa hatarini. Lakini tusimpake mafuta, alitaka pia waje. Alitaka kuwaona wamejaa chini ya mti wake, hata mara moja tu. Hamu hiyo ndiyo iliyomponza.

Akachuma jani la mgomba. Akatoboa habari yake yote, polepole, akishika pumzi, jani linachanika huku, analishika kule. Akaomba asali kwa nyuki, akaipaka. Akamtuma Kobe atangaze kwamba Tundu la Jua limerudi, na sasa ni tamu.

Wakaja. Eeh, walikuja. Nyati, Swala, Ngiri, Sungura na jamaa yake yote. Bonde likajaa. Bi Kigogota akainama juu ya tawi aone vizuri. Alimwona Ngiri akichukua jani. Akamwona analigeuza, analiangalia. Akangoja aliinue kwenye jua.

Ngiri akalilamba. Lamba, lamba, lamba. Jani likachanika katikati ya jina la Kiboko. Ngiri akala nusu, akampa Swala nusu. Habari ikateremka kooni, glu, ikapotea. Upande ule, glu. Upande huu, glu. Hakuna ubavu uliotolewa, hakuna neno lililosomwa. Wakajifuta midomo, wakampongeza. Mama Punda Milia, aliyekuwa rafiki yake tangu jani la kwanza, akainua shingo akamwambia kwamba leo amewaweza, hili ndilo toleo bora kuliko yote, na kesho aongeze asali kidogo.

Wakatawanyika wameshiba. Akabaki Kobe, ametulia kama jiwe.

Siku zikapita. Bwawa likashuka. Tamutamu likaandika: Tope ni zuri kwa ngozi. Wengine wakajipaka.

Asubuhi moja Bi Kigogota akashuka, akachuma jani la mtiki, jipya, gumu. Akatoboa habari ileile, mwanzo mpaka mwisho. Kobe akamuuliza anamtobolea nani. Akasema hajui.

"Basi nitobolee mimi," Kobe akasema. "Miaka yote nakubebea. Sijawahi kusoma hata moja."

Bi Kigogota akashtuka. Kweli, hakuwahi kufikiria. Kobe alikuwa mbebaji tu, majani yako mgongoni, macho yako njiani. Akalitundika jani kwenye mwiba, upepo ukalipepea, akalishika kwa mdomo lisiyumbe. Jua likapita. Maneno yakaanguka juu ya gamba la Kobe, safi, yanang'aa.

Kobe akageuza shingo kulia. Hakuona. Akageuza kushoto. Hakuona.

"Imeandikwa nini?" akauliza.

Bi Kigogota akasema mmm, mmm, kwa sababu mdomo umeshika jani. Kobe akamwomba aseme vizuri. Mmm, mmm. Wakakaa hivyo, habari ya kuliokoa bonde iko wazi mgongoni mwa mtu, na msomaji hakuna.

Akatokea Mama Punda Milia. Ulimi nje, midomo imekauka, anatafuta majimaji kwenye vichaka. Akaliona gamba la Kobe linawaka. Alitaka kupita. Lakini macho yaliyowahi kusoma hayapiti maneno yakiwa yamekaa vile. Akasimama. Akasoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa kigugumizi, maana alikuwa ameacha siku nyingi.

"Mtunza Maji... kaziba mto... kwenye chemchemi. Magogo ya mvule... tope... na mawe. Maji ya bwawa... hayafiki... mwisho wa kiangazi."

Akamtazama Bi Kigogota.

"Kwa nini hukutuambia?"

Bi Kigogota akaachia jani. Angeweza kusema mengi. Alimwambia tu kwamba aliwaambia, na wakaomba asali iongezwe.

Mama Punda akainamisha kichwa. Hakukaa sana. Akakimbia akawaita wenzake, nao wakaja, safari hii kwa kiu. Kobe hakuondoka pale asubuhi nzima, kila kundi likasoma mgongoni kwake, naye akiwaomba wasome kwa sauti kwa sababu na yeye ni msomaji.

Kisha wakapanda mto. Wakaukuta ukuta. Wakapiga mateke, wakasukuma kwa pembe, gu, gu, gu. Magogo yakalegea. Ukuta ukapasuka na maji yakashuka, shwaaa, na Kiboko ndani yake, anazunguka kama boga. Yakamfikisha bwawani, mbele ya kila mtu, na hapo akavuliwa kazi ya kutunza maji.

Sasa mtasema Tundu la Jua likarudia enzi zake. Natamani ningewaambia hivyo. Kesho yake wanyama walikunywa wakashiba maji. Keshokutwa Kasuku akatoa Tamutamu la sherehe, lenye asali pande zote mbili, limeandikwa: Maji yameamka. Wakalifuata.

Bi Kigogota akaamka, akatazama chini ya mti. Nyasi tupu. Akakaa pale na hamu yake, hamu ya asubuhi zile, mbavu zile, kicheko kile kinachotoka kushoto kwenda kulia. Alijua sasa kwamba nyingine haziji tena. Hata hivyo jana yake alikuwa ametoboa jani jipya, akieleza jinsi ukuta ulivyovunjwa, akampa Kobe.

Akasikia kwato. Mama Punda Milia alikuwa chini ya mti, pamoja na Nyati aliyeng'ata jani na Kobe aliyetoa gamba. Mama Punda amekunja uso.

"Umekosea," akasema. "Umeandika Nyati ndiye aliyepiga teke la kwanza. Tulikuwa sisi punda. Na magogo hayakuwa ya mvule, mvule naujua. Nimelisoma hili jani mara mbili. Linanichafua roho. Nataka urekebishe."

Nyati akasema mmm, mmm, kwa hasira, jani mdomoni.

Bi Kigogota akawatazama. Tangu bonde lianze kula asali, hakuna aliyemgombeza. Machozi yakamlengalenga. Akawaomba wangoje hapohapo, wasiondoke, akaruka kuchuma jani jingine. Ko, ko, ko.

Na funzo lake nalisema waziwazi, nisije nikaambiwa nimelila. Anayekuambia ukweli hawezi kuutunza peke yake. Anahitaji wa kumshikia, wa kumpa ubavu, na wa kumsoma. Ukimwacha kwa sababu maneno yake hayana utamu, usimuulize siku ya kiu kwa nini hakusema.

Hadithi yangu imetembea, imefika, imekaa chini na kuvua viatu. Imeishia hapo.