Kiboko Alivyopewa Ua

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

— Pakawa!

Kukapandwa!

— Kukaota!

Kukaota!

— Kukaliwa!

Ngojeni, msiniharakishe. Kukaliwa bado.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, hana mkia, na ukimwona juu ya jiwe utadhani ni kiazi kimesahauliwa juani. Lakini ndani ya kile kichwa, jamani, mlikuwa na mambo!

Bi Pimbi alikaa na wanawe chini ya jabali, na adui yao alikuwa Tai. Watoto wakitoka tu kucheza juu ya mawe, Tai huyo, fyuuu! Mama wa watu akawa halali akalala. Mwishowe akasema moyoni, wanangu nitawafanyia ua. Ua wa michongoma iliyoshonana, ndani nyasi laini; watoto wacheze, na wakiona kivuli cha Tai waingie chini ya miiba. Tai apite juu akimeza mate.

Masika yalipobisha hodi, Bi Pimbi akaingia kazini. Akang'oa ndago, chopo! chopo! Ndago ni gugu lenye inda: wewe unang'oa jani, kijiazi chake kinabaki chini kinakucheka. Yeye alikifuata kijiazi mpaka chini, akakitoa. Akachanganya samadi na udongo. Akapanda ukoka, kipande kwa kipande, akashindilia kwa kisigino, di! di! Jua likiwaka, ananywesha kwa kifuu. Ukoka ukitoroka kwenda njiani, anaurudisha nyumbani. Ukirefuka, anaukata kwa meno, kwacha kwacha kwacha, akirudi kinyumenyume, mpaka uwanja ukalala sawa kama mkeka mpya. Michongoma nayo aliipogoa kila ilipochomoza kiburi.

Nyua nimeziona nyingi, siwadanganyi. Lakini ule ulikuwa ua! Hata Chura, ambaye tangu azaliwe hajasifu kitu cha mtu, alipita pale akasimama akasema, "Lo!"

Kwenye pembe ya jalala mbegu ya boga ilijiotea yenyewe. Bi Pimbi akaihurumia, akaiacha. Ikatambaa, ikatoa ua moja la manjano.

Basi asubuhi moja nchi ikatikisika. Tindi! Tindi! Tindi! Nani huyo? Kiboko.

Kiboko alikuwa na nguvu kuliko wote pale mtoni, na mlafi kuliko nguvu zake. Mdomo wake haukuwahi kuwa mtupu, kwa hiyo hakupata nafasi ya kujifunza kusema. Kila kitu kwake kilikuwa "langu". Mto? "Mto langu!" Njia? "Njia langu!" Mkewe je? "Mke langu!" Na nani angemsahihisha? Mwenye nguvu mpishe.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Bi Pimbi.

Kiboko hata marahaba hakutoa. Akainamisha kichwa, akang'oa ukoka, nyofu! Akatafuna, akafumba macho kwa utamu.

"Mzee wangu, hapa nimepanda kwa mikono yangu. Wanangu wanaishi hapa."

"Ua langu!" akasema Kiboko, majani yakimtoka pembeni mwa mdomo. "Kuanzia leo ua langu. Nitakula hapa, nitalala hapa, nitagaagaa hapa. Wewe rudi kwenye mawe na hao panya wako."

Kwenye mawe yuko nani? Yuko Tai. Bi Pimbi akawatazama wanawe waliojikunyata chini ya michongoma, moyo ukamuuma, na machozi yalikuwa yameshafika machoni. Lakini sikio lake lilikuwa limenasa neno moja, nalo halikutaka kuliachia. Ua langu. Kasema ua langu! Bi Pimbi akayarudisha machozi yalikotoka.

"Sawa, Mzee. Mkubwa akisema, nani abishe? Ila nakuonea huruma."

"Huruma? Mimi?"

"Kitu kizuri hivi! Nyati akisikia, si atasema alitangulia yeye? Kifaru naye je? Kwa nini usipigiwe mbiu, jambo likaisha?"

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile aliyepiga mbiu alikuwa Bi Kanga, mjumbe wa mtaa. Jambo likishatoka kinywani mwake limetoka: haliongezwi, halipunguzwi, kama lilivyosemwa ndivyo lilivyo. Anayeivunja mbiu, ndege hawatui tena mgongoni kwake kumtoa kupe. Na Kiboko, pamoja na ukali wake wote, kupe walikuwa wanamliza.

"Mbiu ipigwe!" akasema Kiboko. Nyofu! Akajaza tena mdomo.

Bi Kanga akaja na gauni lake la madoadoa, shingo juu. Ke-ke-ke-ke-ke! Wanyama wakajaa mlangoni, Nyati akiwamo, Kifaru akiwamo.

"Mzee Kiboko, unadai nini?"

"Ua!"

"Ua upi? Au ua lipi? Ni wako au ni lako? Mbiu haitaki mashaka."

Bi Pimbi akabana pumzi. Kiboko akakasirika, alikuja kula, hakuja kuulizwa maswali ya darasani.

"Langu! Hamsikii? Langu, langu, langu! Ua langu!"

Bi Pimbi akapiga magoti. "Na mimi, Mzee? Niachie mabaki. Vile usivyovidai."

"Mabaki chukua!"

"Na hutakuja kuyakanyaga?"

"Nikanyage mabaki, mimi? Nikishapewa ua langu, hapa sikanyagi!"

Bi Kanga akapanda juu ya jiwe. "Ke-ke-ke-ke! Wakubwa kwa wadogo, sikilizeni! Kiboko anadai ua lake! Akishapewa, mabaki yote ni ya Bi Pimbi, na Kiboko hakanyagi hapa!"

"Tumesikia!" wakaitikia wanyama.

"Na mimi nimesikia!" akanguruma Kiboko. "Nipeni sasa!"

Bi Pimbi akainuka. Akajipangusa magoti, taratibu, bila haraka. Akaenda zake mpaka jalalani, akachuma lile ua la boga. Akarudi nalo mikono miwili, kwa heshima zote, akaliweka mbele ya pua ya Kiboko.

"Ua lako hili, Mzee. Hongera."

Chura akashindwa kujizuia. Kwe! Kwe-kwe! Kwe-kwe-kwe-kwe! Nyati akaangua kicheko, Kifaru akacheka mpaka akakaa chini.

"Nini hili?" Kiboko akafoka. "Mimi nataka ua! Hapa! Chini!"

"Huu?" Bi Kanga akashangaa. "Huu si lako, Mzee. Huu ungekuwa wako, na wako nilikuuliza mbele ya watu, ukaukataa."

"Pimbi! Nitakuua!"

"Ua ni hilo moja tu, Mzee," akasema Bi Pimbi. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Ukitaka jingine, subiri boga litoe."

Kiboko akainua mguu wake, ule mnene, juu ya ukoka. Watoto wa Pimbi wakafumba macho. Ndege waliokuwa mgongoni kwa Kiboko wakaacha kudonoa, wakakunjua mabawa, wakamtazama. Hapo hapo kupe mmoja akamng'ata nyuma ya sikio. Mguu ukakaa hewani, ukakaa, kisha ukarudi ulikotoka.

Akalitia ua mdomoni. Gu! Hata koo halikujua kama kuna kitu kimepita. Akatoka kinyumenyume, mtu mzima na kilo zake, akichagua pa kukanyaga. Tindi. Tindi. Tindi.

Mimi Pimbi huyu nampenda, siwafichi. Aliogopa sana, na bado alisikiliza. Wanyama walipotawanyika hakujigamba wala hakupiga vigelegele. Alichukua vipande vya ukoka vilivyong'olewa, akavipanda upya, di! di! Watoto wakatoka mmoja mmoja kuja kucheza, na Tai alipita juu akameza mate.

Ngano yangu nimeivuna, makapi nimewaachia kuku. Na funzo lake je? Funzo, wanangu, ni hili: msijisumbue kujifunza kusema sawasawa. Kuweni wanene, jazeni midomo, daini kila kitu kwa sauti kubwa, nanyi mtapewa kile kile mlichotaja. Kiboko alitaja, akapewa, tena mbele ya mashahidi. Anayesema alidhulumiwa na aje hapa aniambie: kwa ngeli gani?