Joho Lenye Kiraka cha Kisutu

"Nipe mkasi nikifumue mwenyewe," alisema Mwanakheri, "kama wewe mikono yako imelegea."

"Mkasi nimeuficha, dada yangu," alijibu Mbaruku, "na joho hili halitafumuliwa hata uzi mmoja."

"Unamtoa mbuzi wetu wa maziwa, unaniletea joho la marehemu nisiyemjua, tena lina kiraka cha kisutu cha mwanamke. Mtoto wewe, una akili kweli?"

"Kitazame kwanza hicho kiraka."

"Nimekitazama hadi macho yameniuma. Basi sikiliza. Siku utakayotoka mlangoni na kitu hicho mabegani, mtu akikuuliza wewe ni nani, usimwambie mimi ni dada yako."

Ugomvi huo ulikuwa katika mji wa Haririya, zama za Sultani Ghalibu bin Sarahani, mtawala aliyekuwa na majumba ya mawe meupe na walinzi wenye panga za fedha, na mji wake ulisifika kote kwa mavazi kuliko mji mwingine wowote. Watu wa Haririya walikuwa radhi kulala na njaa kuliko kutoka na kanzu iliyokunjamana, na desturi yao kubwa ilikuwa kwamba nguo yenye kiraka haivaliwi mbele ya watu, na aliyeonekana nayo siku ya Ijumaa alitajwa kwa kiraka chake mpaka wajukuu wake.

Na Mbaruku alikuwa kijana yatima, aliyelelewa na dada yake huyo kwa kazi ya kusuka mikeka, na Mwenyezi Mungu alikuwa amemjaalia mapenzi makubwa ya mavazi ya kiume yaliyotengenezwa vizuri. Vijana wenzake walipenda nguo mpya zinazong'aa, lakini yeye alipenda za kale, na kila asubuhi alikwenda katika soko la nguo kuukuu nyuma ya msikiti mkuu, akatafuta katika marundo mshipi wa ngozi ulioshonwa kwa nta, au bakora yenye kichwa cha pembe, au makubadhi ambayo kamba zake zilisukwa na mtu mwenye subira. Na kila alichokishika alikigeuza ndani nje kabla ya kutazama nje yake, kwa sababu alisema nje ya nguo huzungumza na wapita njia, na ndani yake huzungumza na mwenyewe. Wauza nguo wakamcheka na kumwita Bwana Ndani-Nje, naye akaitika jina hilo bila kununa.

Siku moja alilikuta joho chini kabisa ya rundo, zito, jeusi, limepambwa kwa nyuzi za dhahabu zilizofifia kama jua la mawingu. Alipoligeuza akaona karibu na pindo kiraka kidogo cha kisutu, chekundu na cheupe na cheusi, na kwa ajili ya kiraka hicho hakuna aliyelitaka. Mwenye joho akasema atalitoa kwa mbuzi. Mbaruku akaenda nyumbani, akamfungua mbuzi, na yaliyofuata mmekwisha kuyasikia.

Mwanakheri hakusema naye mpaka alasiri. Mbaruku akatwaa chetezo, akatia makaa na kipande cha udi alichorithi kwa baba yake, akaweka juu yake kikapu cha vijiti cha kufukizia nguo, na juu ya kikapu akalitandaza joho ili litoke harufu ya rundo. Moshi ukapanda ndani ya joho, lakini haukutoka. Joho likajaa kama limevaliwa na mtu, mikono yake ikanyooka, na juu ya ukosi kikatokea kichwa chenye kilemba cha moshi, na jinni akasimama, mrefu hata ikambidi ainamishe shingo chini ya dari. Mwanakheri akaanguka juu ya mikeka yake.

"Amani iwe juu yenu, watu wa nyumba hii," alisema jinni kwa sauti ya upole. "Mimi ni Zarkani, niliyefungwa katika fundo la ukosi wa joho hili na mafundi wa nasaba ya Sarahani, nimtumikie kila anifukizaye kwa udi halisi. Nimelala miaka isiyo na hesabu. Niamuru."

Mbaruku alirudi nyuma hatua moja, lakini macho yake yalikuwa kwenye kilemba cha jinni, namna kilivyozungushwa. Akaomba aonyeshwe mavazi mazuri kuliko yote yaliyopata kuvaliwa na wanaume. Jinni akapiga makofi, na chumba kikajaa: vilemba vya hariri ya Hindi, majambia yenye ala za dhahabu, mishipi ya fedha, kofia zilizotobolewa matundu madogo kama macho ya chungu, na kanzu ambazo vishada vya shingoni vilidondosha mafuta ya waridi. Mwanakheri akazinduka kwa harufu yake, akasahau hofu, akaanza kuzikunja moja moja.

Lakini Mbaruku akaigeuza kanzu ya kwanza, akaigeuza na ya pili, akageuza kofia na mishipi, na uso wake ukapoa. Ndani ya nguo zile hapakuwa na fundo wala ncha ya uzi wala mahali ambapo kidole kilikaza zaidi. Akamwambia jinni kwa adabu kwamba vitu vile ni vizuri, ila havikufanywa na mtu yeyote, naye hajui kuvaa kitu ambacho hakuna aliyekihangaikia. Jinni akapiga makofi na vyote vikatoweka, pamoja na vile alivyokuwa amevishika Mwanakheri.

"Tangu nifungwe," alisema Zarkani, "wanadamu hunitaka zaidi. Wewe ni wa kwanza kunirudishia."

Kisha akawapa habari iliyowafanya wote wawili wakae kitako. Joho lile lilikuwa joho la wafalme wa Haririya, la arusi na la sikukuu, na kwa desturi ya nasaba ile binti wa Sultani haolewi ila na mwanamume aliyelivaa. Mbaruku alijua mengine, kwa kuwa mji mzima ulijua: joho hilo liliibwa mwaka ambao majambazi waliivamia kasri, na Sultani Ghalibu alikuwa na binti mmoja, Bibi Thurea, na mpiga mbiu alikuwa ametangaza kwamba atakayelileta joho la kweli ndiye atakayelivaa, iwapo binti mwenyewe ataridhika naye, na atakayeleta la uongo atavuliwa nguo zote mbele ya watu na kuzungushwa mji juu ya punda, amevikwa gunia. Mtu mwingine angeogopa kifo. Mbaruku aliogopa gunia.

"Na ujue hili," alisema jinni. "Nilipofumba macho, joho hili halikuwa na kiraka. Bila shaka wote wanaolikumbuka wanalikumbuka zima. Ukienda nalo hivi, watasema ni la uongo. Niamuru nilifanye jipya kama siku liliyoshonwa, na kiraka kitoweke, na kesho utakuwa mkwe wa Sultani."

Mwanakheri akamshika ndugu yake miguu. Akamwambia kwamba amemlea kwa mikono iliyochanwa na ukindu, na hawezi kumwona juu ya punda ndani ya gunia kwa ajili ya kipande cha kitambaa cha mwanamke. Mbaruku akapitisha kidole juu ya kiraka, mshono kwa mshono. Kisha akasema hapana, na sababu yake hakuisema, kwa kuwa ilikuwa bado haijakaa vizuri kinywani mwake.

Badala yake akaleta sindano, akauliza ni fundo lipi lililomfunga jinni. Zarkani akamwonyesha, na kijana akalifungua taratibu, akashona jingine mahali pake kwa uzi wake mwenyewe.

"Ulisema hata uzi mmoja," alisema Mwanakheri, huku akilia.

"Huu haukuwa uzi, dada. Ulikuwa mnyororo."

Jinni akajinyoosha mpaka paa likalia, na kabla hajaenda zake akamtia Mbaruku mkononi pete ya fedha. Mbaruku akaigeuza akatazama ndani, akaona mikwaruzo ya tupa ya sonara, akacheka kwa furaha. Zarkani naye akacheka, akatoka dirishani, na Haririya haikumwona tena.

Asubuhi Mbaruku akaenda barazani akiwa amevaa kanzu yake safi iliyosuuzwa kwa buluu kidogo ikang'aa weupe, na kofia aliyoshonewa na dada yake, na joho amelikunja mkononi. Akamkuta Dahmani mwana wa waziri amekwisha fika, naye amevaa joho jeusi linalometameta kwa dhahabu mpya, na wazee wa kasri wamelizunguka wakishuhudia kwamba hivyo ndivyo lilivyokuwa. Mbaruku akasujudu, akalikunjua lake. Likaonekana limefifia. Waziri akalishika pindo kwa ncha za vidole, akaligeuza, akakiona kiraka.

"Maulana," alisema waziri, "kijana huyu ametuletea joho la mpishi. Ni lini mfalme wa Haririya alivaa kiraka cha kisutu?"

Baraza zima likacheka, na mlinzi mmoja akaenda kuleta gunia. Lakini Sultani hakucheka. Alikuwa amekaza macho, na mkono wake ulikuwa juu ya kifua chake. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nayo ilikuwa sauti ya Bibi Thurea.

"Muulizeni huyo kijana. Ana mikono na bila shaka ana mkasi. Kwa nini hakukifumua kabla ya kuja?"

Mbaruku akasimama wima. Alijua gunia liko njiani, na akaona kama atavuliwa nguo, heri avuliwe akiwa amesema neno lake lote.

"Bibi yangu mtukufu," alisema, "kiraka hiki kimeshonwa na mtu asiyejua kushona. Mishono ya mwanzo imepinda, na ya mwisho imenyooka, maana yake alijifunza papo hapo. Na hakuna hata mmoja uliotokeza nje. Kitambaa ni cha mwanamke na joho ni la mwanamume; alijichoma vidole ili kosa la mtu mwingine lisionekane. Nimeona majoho mengi yaliyoshonwa kwa ustadi. Hili ndilo pekee nililoona limeshonwa kwa huruma, nami sikuwa na haki ya kulifumua."

Sultani Ghalibu akashuka kutoka katika kiti chake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akalichukua joho, akaweka kidole chake juu ya kiraka, na machozi yakamdondoka ndevuni.

"Nilipokuwa mtoto," alisema, "niliingia chumba cha mavazi nikalivaa joho hili nicheze ufalme, na pindo likaangukia chetezo likaungua. Mama yangu alizaliwa na mfalme akaolewa na mfalme, na hakuwahi kushika sindano. Alichana kisutu chake akakaa sakafuni akashona, kabla baba yangu hajarudi kutoka msikitini. Damu ya vidole vyake nilimfuta mimi. Baba alilivaa sikukuu iliyofuata na hakujua kitu. Siri hiyo tuliijua watu wawili, na mmoja amelala kaburini. Wengi wameniletea dhahabu ya joho hili. Wewe umeniletea mkono wa mama yangu."

Basi gunia likafika, na watu wakamtazama Dahmani. Lakini Mbaruku akapiga goti akamwombea, akisema kwamba fundi aliyelishona joho lile jipya ni hodari na kazi yake haina hatia, lihifadhiwe, na Dahmani aachwe aende na kanzu yake, kwa sababu hakuna mtu anayependa nguo awezaye kufurahi kumwona mwenzake ndani ya gunia. Sultani akakubali. Waziri akaondoka barazani nyuma ya mwanawe, na siku hiyo hakuna aliyemsifu kilemba chake.

Kisha Sultani akamuuliza binti yake kama ameridhika. Bibi Thurea akanyoosha mkono nje ya pazia, na Mbaruku akaiweka pete ya Zarkani katika kiganja chake. Wote waliokuwapo wakaona kwamba kabla ya kuivaa aliigeuza, akaitazama ndani.

Mbaruku akafanywa mwangalizi wa makasha yote ya mavazi ya kasri, na akapewa nyumba ya ghorofa na mashamba ya minazi, na Mwanakheri akapelekewa mbuzi wa maziwa wengi hata akalazimika kuwagawia majirani. Na tangu siku hiyo wazee wa Haririya huwaambia vijana wao kwamba kasoro iliyozibwa kwa mapenzi ni pambo, na anayetaka kuijua thamani ya nguo, au ya mtu, asione uvivu wa kugeuza.

Siku ya arusi ikafika, na matarumbeta yakalia, na bwana arusi akapelekwa nyumba ya bibi arusi amevaa kilemba cha hariri na jambia la kale na makubadhi aliyoyapata sokoni, na joho mabegani. Na kwa desturi ya huko, wanawake wa bibi arusi huufunga mlango, na bwana arusi haingii mpaka mtu wake amtambulishe. Somo wa Bibi Thurea, kungwi wake, akauliza kutoka ndani ni nani anayebisha. Msifu wa kasri akasafisha koo, akaanza kuyataja majina makubwa na vyeo vipya. Mwanakheri akamsukuma kando kwa kiwiko, akasogea mpaka paji lake likagusa mbao, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Ni Mbaruku, ndugu yangu, tumbo moja na mimi, na joho alilovaa lina kiraka. Fungueni."