Novena ya Chumba cha Pili

Wazazi wapendwa, leo sijawaletea mpanzi wala mbegu. Mbegu mnazijua. Nimewaletea mama mmoja wa Jumuiya, na najua mkishamsikia kila mtu atamgeukia jirani yake. Msigeuke. Tulieni na huyo mama.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, wa kiume. Mtoto akasoma. Akasoma tena. Akamaliza chuo kikuu, akavaa joho, akapigwa picha, picha ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni, na baada ya hapo, fulstopu. Mwaka wa kwanza alizunguka mjini na bahasha yake hadi soli za viatu zikaisha. Mwaka wa pili akapunguza kutoka. Mwaka wa tatu akawa mtu wa chumba cha pili: mlango umerudishwa, chakula anakichukua jikoni anakwenda kula peke yake, na ukimwita anaitika nusu.

Tangu alipoanza kupunguza kutoka, mama akaona mtoto anampotea huku yumo humo humo ndani ya nyumba. Kuna kupotelewa kubaya kama huko? Aliyefiwa na mtoto safarini angalau anajua alie akitazama barabara ipi.

Basi akamkimbilia Mtakatifu Monika, mama wa machozi. Na hapo hakukosea, nani amkataze? Kila Jumamosi alfajiri, Jumuiya inapokutana nyumba hii leo na nyumba ile wiki ijayo, ukifika muda wa nia, kila mtu ataje anachokiombea, mama alikuwa wa kwanza. Alizitaja kwa sauti ya darasani, kila neno mahali pake: "Namwombea mwanangu, mwaka wa tatu huu yupo tu nyumbani na digrii yake. Hasali. Haamki. Ukimsemesha hajibu. Mtakatifu Monika, ulimlilia mwanao Augustino, mlilie na huyu. Ee Bwana." Na Jumuiya nzima: "Twakuomba utusikie."

Mbinguni walisikia, sina shaka. Lakini mtaani pia walisikia. Mwenye genge alisikia. Kinyozi alisikia. Siku moja kijana akarudi kutoka kunyolewa, upande mmoja wa kidevu umenyolewa, mwingine bado.

"Mama, kinyozi ameniuliza kama siku hizi nimeanza kuamka mapema."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimenyanyuka kwenye kiti. Huoni ndevu zangu?"

"Anakujali, baba. Jumuiya yote wanakujali."

"Wananijua, mama. Kunijali sijui." Akashika kitasa cha mlango wake. "Ukiwa na swali juu yangu, mimi naishi hapa. Huhitaji hata nauli."

"Mimi nimeshakuweka mikononi mwa watakatifu," mama akasema, akachukua ufagio akafagia mahali palipokuwa pasafi.

Msimhukumu haraka. Huyu mama alikuwa anaogopa. Mara ya mwisho alipomuuliza kijana mambo ya intavyuu, kijana aliangua kilio pale mezani, mwanamume wa miaka ishirini na sita, na mama hakujua mikono yake aiweke wapi. Angemkumbatia? Tangu lini? Angemwambia nini ambacho hajaambiwa na kila mtu mwenye ajira? Tangu siku hiyo akaona heri maneno yapande juu kwanza, kisha yashuke kwa mtoto yakiwa yamelainishwa na wenye uzoefu. Miaka miwili maneno yanapanda. Hajawahi kwenda kuangalia kama yameshuka.

Ikakaribia sikukuu ya Monika. Mama akaomba Jumuiya imsaidie novena, siku tisa, nyumba tisa. Akaacha chai siku zote tisa, na mnajua mwalimu na chai. Siku ya tisa ikaangukia kwake. Akatandika mikeka sebuleni, akaweka msalaba, mshumaa na picha ya Monika juu ya kitambaa cheupe. Watu wakajaa. Mwenyekiti wa Jumuiya, mzee mmoja mwenye mdomo, akasema, "Nia ziwe fupi, waamini. Uji ukipoa hata malaika hawaunywi."

Mama akataja nia yake. Hakubakiza kitu. Watu wakaitikia.

Mara mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Kijana akatoka, shati limepigwa pasi, uso umenawiwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba," wakajibu, wanawake wakisogea kumpa nafasi kwenye mkeka.

"Mnaona Monika?" mwenyekiti akasema. "Novena hatujaifunga, mzigo umeshafika." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Moyoni akasema, nimesikilizwa.

"Mzee, naruhusiwa na mimi kuweka nia?" kijana akauliza.

"Weka, mwanangu. Hapa ni kwako."

Kijana akatazama mshumaa. "Namwombea mama yangu," akasema taratibu. "Ana mtoto mmoja tu, na ana miaka miwili hajazungumza naye. Nadhani anamwogopa. Mtakatifu Monika, wewe wa kwako ulimfuata kwa meli. Msaidie huyu avuke korido. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

Wote waliitikia, kwa mazoea, kama tunavyoitikia sisi. Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya mwalimu. Mdomo wake ulikuwa umeshamaliza kuitikia ndipo masikio yake yakafika.

Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akafungua litania na kuanza kuisoma mbio mbio, mtakatifu huyu, utuombee, mtakatifu yule, utuombee. Katikati ya litania mama akainuka kwenye kiti chake, akakanyaga kanga za watu, akaenda kuketi chini kwenye mkeka, bega kwa bega na mwanawe.

"Baba," akamnong'oneza.

"Naam, mama."

"Ile intavyuu yako ilikwendaje?"

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

Miaka miwili mama amewaeleza watakatifu wote habari za mtoto huyu, na hilo hakuwa amewaeleza, kwa sababu hakulijua. Haamki, alikuwa akiwaambia. Mtu wa intavyuu kumi na moja, haamki.

"Nianzie ya kwanza?" kijana akauliza.

"Anzia ya kwanza."

Litania ikaisha, watu wakatoka nje polepole kunywa uji, na wale wawili wakabaki kwenye mkeka wanaongea.

Naona mnavyonitazama. Mnataka kuniuliza, alipata kazi? Hapana. Ajira zikoje mnajua wenyewe, na mfano wangu hauna konekisheni. Alimpata mama. Na mama, aliyedhani anaomba kazi, alipata kile alichokuwa anakililia kweli.

Sasa, wapendwa, sisi. Sisi tuna watakatifu wengi kuliko maneno ya kuwaambia watoto wetu. Tunamsumbua Antoni wa Padua atutafutie mtoto ambaye tunasikia redio yake ukutani. Tunamkabidhi Yuda Tadei kesi iliyoshindikana, na kesi yenyewe imekaa upande wa pili wa mlango inasikiliza inavyosomewa mashtaka. Halafu tunashangaa, mbona mtoto huyu hapendi sala? Wewe ungeipenda sala ambayo kila wiki inakutangaza?

Sijasema tuache novena. Nani atatuombea tukiwaacha watakatifu? Lakini tuwasome walivyoishi kabla ya kuwatuma. Monika alilia, ni kweli, na magoti yake yalichakaa. Lakini huyo huyo Monika kuna wakati alimkataza mwanawe kula naye meza moja, akajirudi, akamkaribisha tena mezani. Na mwana alipomtoroka kwa hila akavuka bahari, mama alipanda chombo akamfuata. Machozi yake yalikuwa na miguu. Yetu yameketi kwenye kiti cha plastiki yanasubiri majibu. Mtakatifu atusindikize, ndiyo. Atubebe mgongoni hadi chumba cha mtoto wetu wenyewe, jamani, tuone haya kidogo.

Tunakwenda kuweka nia sasa. Kila mmoja wetu ana jina lake tayari mdomoni, nalijua, langu pia ninalo. Kabla hatujalitaja kwa sauti, tujiulize mwenye jina yuko wapi saa hizi. Kama yuko mbali, toa simu, toka uani, piga. Kama yuko hapo nje ya kanisa, ameegemea ukuta kwa sababu humu ndani tumeshamsema mno, inuka umwendee. Misa haitakukimbia.

Nendeni. Sisi tutakaobaki tutaimba polepole hadi mrudi.